Maji yaliyokuja bila mvua: kisa cha kaya moja ukingoni mwa bonde la Ruvu, Bagamoyo

Wiki ya Muungano, Aprili 2024, kabla ya adhana ya alfajiri, shemeji yangu alinipigia simu. Hakunisalimu. "Shemeji, maji yameingia jikoni, na mvua hakuna." Nilifungua dirisha. Kweli, hata rasharasha haikuwapo. Upande wa bara mwezi ulikuwa bado juu, mkubwa, umeanza kupungua kidogo tu baada ya mwezi mpevu. Nikamuuliza maji yametokea wapi. Akasema, "Yametokea bondeni, yamekuja kimyakimya."

Nilifanya kazi ya ubwana shamba kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na mafuriko nimeyaona zaidi ya mara moja. Kisa hiki kimoja nimekirudia kichwani kuliko vyote, kwa sababu kaya ile ilikuwa imefanya karibu kila tulichowaambia wafanye. Walisikiliza utabiri, walipima mvua, walihamisha vitu mapema pale walipoonywa. Bado maji yakawakuta wamelala. Wameniruhusu nikieleze kisa chao bila kutaja majina, nami nakieleza kwa urefu kwa sababu kosa lililotokea pale naliona linarudiwa kila masika, na sehemu yake ni langu mimi.

Kaya yenyewe ni ya watu sita: shemeji, dada yangu, watoto watatu, na mama yake shemeji ambaye nitamwita Bibi kama watoto wanavyomwita. Nyumba yao ina vyumba vitatu vya matofali ya saruji, na uani kuna jiko la makuti, choo cha shimo na kisima kilichochimbwa kwa mkono. Imesimama juu ya kichanga, kwenye minazi na miembe, pale ambapo ardhi ya Bagamoyo inaanza kushuka kuelekea bonde la Ruvu, upande wa barabara iendayo Msata. Chini ya nyumba, hatua mia kadhaa, kichanga kinakwisha na udongo mweusi wa mfinyanzi unaanza. Huko ndiko kuliko shamba lao la mpunga, na mbele zaidi, karibu na mto, walikuwa na mashine ya kumwagilia iliyofungwa kwenye gogo.

Watu wengi mjini wakisikia mafuriko ya Ruvu hufikiri mvua ya Bagamoyo. Mto huu hauzaliwi hapa. Unaanzia milima ya Uluguru, Morogoro, ambako vilele vinapita mita 2,600 na miteremko inayotazama mashariki, inayopokea upepo wa bahari, hupata mvua nyingi mno kuliko sisi wa pwani. Huko unachukua maji ya Mgeta, kisha Ngerengere inayopita Morogoro mjini, unakatiza barabara kuu na reli kabla ya kufika Mlandizi, halafu unakunja kaskazini mashariki kuja kumwaga Bagamoyo. Maji wanayokunywa watu wengi wa Dar es Salaam yanatoka mto huuhuu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Maji yaliyonyesha Uluguru hayafiki kwetu kwa saa. Yanafika kwa siku kadhaa, yakitambaa kwenye mabonde na mabwawa ya njiani. Ndiyo maana mtu wa Bagamoyo anaweza kuanika nguo juani huku mafuriko yake yako njiani yanakuja.

Lakini kisa hiki kinaanza nyuma zaidi ya Aprili.

Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, na sehemu ya magharibi ya Bahari ya Hindi, upande wetu huu, ilikuwa na joto kuliko kawaida. Mambo hayo mawili yakikutana, vuli ya Afrika Mashariki huwa nzito. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kusema mapema, tangu Agosti. Mwezi Desemba tukasikia habari za Katesh, Hanang, ambako tope liliporomoka mlimani na kuua watu zaidi ya 80. Sisi Bagamoyo tulishukuru Mungu kwamba kwetu ilikuwa mvua tu. Kilichofuata ndicho hatukukitilia maanani: Januari, mwezi ambao kwa kawaida ni wa jua na kaskazi, mvua haikukata kama inavyokata miaka mingine.

Mtu anayelima mfinyanzi mweusi anajua Februari yake inavyokuwa. Udongo hupasuka, na mipasuko hupanuka mpaka mkono unaingia. Mipasuko hiyo ndiyo midomo ya ardhi. Mvua ya kwanza ya masika huingia humo moja kwa moja, inakwenda chini, na bonde linanyamaza kwa wiki nzima likinywa. Mwaka ule, shemeji aliniambia baadaye, ilikuwepo mipasuko myembamba tu, ya kuingiza kidole. Dada yangu naye alikuwa na ushahidi wake ambao hakuna aliyemuuliza. Kisima chao Februari huhitaji kamba ya pima tatu. Februari 2024 alikuwa anateka kwa kamba ya pima moja na ziada. Alifurahi, na nani asingefurahi? Kuteka maji ni kazi, na kamba ikiwa fupi mgongo unapona.

Basi masika ikaingia juu ya ardhi ambayo haikuwahi kukauka.

Ramadhani mwaka ule ilianza Machi 12. Katika kumi la mwisho, siku ambazo watu hurudi usiku kutoka msikitini, ilikuja mvua kubwa. Nasema kubwa kwa maana yake rasmi: Mamlaka huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Ilitanguliwa na angalizo, shemeji akalipata kwenye simu, na akafanya vizuri sana. Alipandisha magunia ya mbegu juu ya meza, akafunga mbuzi upande wa juu wa minazi, akaenda bondeni na vijana wawili wakaibeba mashine ya maji mpaka nyumbani. Usiku mvua ikamwagika. Kopo lake la kupimia lilipita alama ya 50. Asubuhi maji yalikuwa yamejaa kwenye majaruba na kufika kwenye njia ya miguu chini ya nyumba, na baada ya siku mbili yakashuka. Hakuna kilichopotea.

Hapo ndipo tulipojifunza somo lisilo sahihi. Shemeji aliandika kwenye daftari lake tarehe na kipimo cha kopo, halafu akaenda kuchomeka kijiti pale maji yalipoishia. Kwa akili yake, na kwa akili yangu pia maana alinionyesha nikampongeza, kijiti kile kilikuwa jibu: mvua ya milimita 50 na zaidi inaleta maji mpaka hapa, na hapa ni mbali na nyumba. Mashine ikarudishwa mtoni baada ya Idi.

Idi ilikuwa Jumatano ya Aprili 10. Kuanzia hapo mpaka mwezi mpevu, hazikupita siku mbili mfululizo bila mvua. Hakuna hata moja iliyokuwa kubwa. Zilikuwa mvua za kawaida, za kuchelewesha watu kazini na kulowesha kuni, nyingine za dakika 20, nyingine za usiku kucha lakini nyembamba. Kopo lilipimwa kila asubuhi na kumwagwa. Kila siku likisoma chini ya 50, kaya ikaona mambo shwari.

Hesabu yenyewe si ngumu, na nasikitika kwamba sikuwahi kuwapa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ardhi ina nafasi yake ya kuhifadhi. Udongo wa kichanga hushika kati ya milimita 25 na 100 za maji ya kutumiwa na mimea katika kila mita moja ya kina, wa tifutifu kati ya 100 na 175, na wa mfinyanzi hufika 250. Nafasi hiyo huachwa wazi na vitu viwili: jua na mizizi. Kwa hali ya hewa yetu ya pwani, jua na mimea vikifanya kazi pamoja huondoa milimita 4 au 5 kwa siku. Siku ya mawingu ni chini ya hapo.

Tuchukue mfano wa shamba lenye nafasi ya milimita 120. Inanyesha 55 kwa siku moja. Kopo linatisha, watu wanahama, lakini ardhi bado ina nafasi ya 65. Halafu zinakuja siku za mvua ya milimita 12, ambayo haimtishi mtu. Jua la mawingu linaondoa 4, zinabaki 8. Kesho 8 tena. Siku ya tisa nafasi imekwisha kabisa, na hakuna kengele iliyolia, maana katika siku zote tisa hakuna iliyofika hata robo ya mvua kubwa. Sasa inyeshe 35 usiku mmoja. Kopo linasema ni mvua ya wastani. Lakini hakuna pa kuingia hata tone, na kwenye ekari moja milimita 35 ni takriban lita 140,000 zinazotafuta njia juu ya ardhi. Zidisha kwa bonde zima, kisha kwa miteremko yote ya Uluguru iliyokuwa katika hali hiyohiyo.

Kuna jambo la pili kuhusu mfinyanzi. Ukiwa umelowa huvimba, na ile mipasuko hufunga. Kasi yake ya kunywa inashuka mpaka kati ya milimita 1 na 5 kwa saa, wakati kichanga kinakunywa zaidi ya 30. Kwa hiyo mvua ya nguvu inaweza kutiririka juu ya mfinyanzi hata kabla haujashiba, na ukishashiba ndiyo kabisa. Watu wa bondeni husema shamba "limekataa maji". Ndivyo lilivyo.

Kaya yetu, basi, ilikuwa imekaa juu ya ardhi iliyoshiba, chini ya mto unaotoka kwenye milima iliyoshiba, na chombo chao pekee cha kupimia kilikuwa kinaanza upya kila asubuhi kana kwamba jana haikuwepo. Kopo lilikuwa zima. Daftari nalo lilikuwa sahihi kwa kila mstari wake. Hakuna aliyejumlisha mistari.

Mtu mmoja tu aliona. Nimeongea na Bibi mara nyingi kuhusu usiku ule kabla ya maji, na nimeongea na mwanawe pia, na simulizi zao zinalingana. Usiku wa kuamkia siku hiyo ilikuwa imenyesha mvua ya wastani, kubwa kidogo kuliko zilizotangulia. Mchana ulikuwa mkavu. Jioni Bibi alitoka chooni akamkuta mwanawe anakunywa chai barazani.

"Mwanangu, leo tukalale mjini kwa dada yako. Choo kimepanda."

"Kimepanda vipi, Mama?"

"Kimepanda. Juzi kilikuwa chini, leo ukimulika tochi maji yako karibu. Na kisima nimekitazama, kata naitia bila kamba."

Shemeji alileta daftari. Akamsomea. Mvua ya usiku ule ilikuwa haikufika hata ile ya Ramadhani, na ile ya Ramadhani ilishindwa kupita kile kijiti. "Mama, tumepima. Na leo hakujanyesha, mbingu unaiona. Tukiondoka watoto wanakosa shule, mbuzi nani atawaangalia?"

Bibi akamjibu, "Kopo lako linapima mbingu. Mimi nakwambia habari ya chini."

Hakusisitiza zaidi. Ni mama mzazi, lakini nyumba ni ya mwanawe, na mwanawe alikuwa na maandishi mkononi. Aliingia ndani, akafunga nguo zake na vyeti vya watoto kwenye mfuko wa plastiki, akauweka juu ya kabati. Ule mfuko ndio vitu pekee vya karatasi vilivyosalimika.

Sitaki mtu yeyote amlaumu shemeji kwa ukaidi. Nimesikia watu wakimlaumu, na inaniuma. Alikuwa anatumia kipimo nilichomfundisha mimi. Nilimpa kopo lenye kuta zilizonyooka, nikamwonyesha kuchovya rula, nikamwambia: ikipita 50, chukua hatua. Sikumwambia kwamba ile 50 ni onyo kuhusu mvua yenyewe, na kwamba ardhi inayoipokea inaweza kuwa na tumbo tupu au tumbo lililojaa. Sikumwambia kwamba mwisho wa masika 30 inaweza kuwa mbaya kuliko 60 ya mwanzo. Mama yake alikuwa na kipimo bora cha jambo lile: maji ya chini ya ardhi yalikuwa yamepanda mpaka kwenye shimo la choo na mdomo wa kisima, maana yake kichanga walichojengea kilikuwa kimejaa kutoka chini kwenda juu kama sifongo kwenye sahani. Kati ya kopo na choo, choo kilikuwa kinasema ukweli zaidi, na mimi mtaalamu sikuwahi kuwafundisha kukisikiliza.

Kuna kitu cha tatu, nacho ni bahari. Mwezi mpevu ulikuwa Aprili 24. Mvuvi yeyote wa Bagamoyo atakwambia kwamba mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji makubwa, na siku moja mbili baadaye ndipo hujaa zaidi na kupwa zaidi. Katika pwani yetu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua hukaribia mita 4, na kujaa kwenyewe huja alfajiri na tena jioni, karibu saa 10. Mto unaotaka kutoka wakati bahari imejaa hivyo unakuta mlango umefungwa. Haimaanishi kwamba chumvi ilifika kwenye mpunga, mto ulikuwa na nguvu za kutosha kuisukuma. Ina maana tu kwamba kwa saa kadhaa, mara mbili kwa siku, maji ya juu yanaongezeka na ya chini hayaondoki, na bonde ambalo ni tambarare linapanuka kwenda pembeni. Simu ya shemeji iliingia saa 10 na nusu alfajiri. Nilipotazama saa nilielewa, nikiwa nimechelewa.

Yaliyotokea alfajiri ile sitayachelewesha. Dada yangu aliamshwa na sufuria iliyokuwa inagonga ukuta wa jiko. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu uani na ya goti kwenye njia ya kwenda barabarani. Waliwabeba watoto wawili, wa tatu akatembea ameshika nguo ya baba yake, Bibi akaongozwa na kijana wa jirani. Mbuzi wanne waliokolewa, mmoja alikuwa amefungwa chini zaidi akafa. Kufika saa 1 asubuhi maji yalikuwa ya kiuno chumbani. Mashine ya maji haikuonekana tena. Choo kilibomoka ndani kwa ndani, kikachanganyika na kisima.

Maji yalikaa siku tisa. Mpunga ulikuwa umebeba mimba, na watu hudhani kwamba mpunga hauogopi maji. Unapenda maji miguuni. Ukifunikwa wote mpaka kichwani, kwa mbegu nyingi tunazolima, wiki moja na zaidi inatosha kuumaliza. Maji yaliposhuka ulikuwa umelala, una rangi ya kahawia, na harufu yake ilifika mpaka nyumbani.

Siku hizohizo, Aprili 25, Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kujeruhi 236, na kwamba kaya zaidi ya 51,000 zilikuwa zimeathirika. Rufiji hali ilikuwa mbaya kuliko kwetu. Halafu Mei 4 kimbunga Hidaya kikafika pwani karibu na Mafia, boti za kwenda Unguja zikasimamishwa, na watu wote wakakesha na redio. Nakumbuka wazi jinsi kila mtu alivyojiandaa kwa ajili ya Hidaya, hata kaya yetu ambayo ilikuwa bado inalala kwa ndugu mjini. Kimbunga kina jina na kina ramani kwenye simu, kwa hiyo mtu anajua ameambiwa nini. Mvua za milimita 12 hazina jina. Ndizo zilizoijaza ardhi, na wakati zinaijaza sisi sote tulikuwa tunaendelea na shughuli zetu.

Baada ya maji kupungua, jambo la kwanza lilikuwa kisima. Choo na kisima vikishakutana chini ya ardhi, kipindupindu hakiko mbali, na hapo sikukubali mjadala. Walikaa kwa kununua maji ya madumu na kuchemsha mpaka kisima kilipotolewa maji yote, kikasafishwa, kikatiwa klorini, kikaachwa, kikatolewa tena. Choo kipya kimejengwa upande wa juu, mbali na kisima, na shimo lake ni fupi na limeinuliwa juu ya ardhi kwa matofali. Ni ghali. Dada yangu aliuza mbuzi wawili kati ya wanne kwa ajili ya choo hicho.

Suala la kuhama kabisa liliibuka, kama linavyoibuka kila mara. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mtu mmoja mwenye cheo alikuja akawaambia kwamba wao ndio waliovunja sheria. Hakupima. Nyumba ile iko mbali sana na ukingo wa Ruvu. Mita 60 ni kinga nzuri ya ukingo na ya miti yake, lakini katika tambarare ambayo mto unaweza kutandaa kilomita nzima, mtu anaweza kuheshimu mita 60 mara kumi na bado akaamka ana maji kitandani. Kuwaita watu wa namna hii wavamizi wa mabonde ni kuwaonea. Wanayo makaburi ya wazee wao chini ya ile miembe.

Bwawa la Kidunda, linalojengwa juu huko Morogoro kwa lengo la kuhifadhi lita bilioni 190, litasaidia kuupa mto mwendo wa kueleweka, hasa kiangazi maji yanapopungua. Sitaki watu wa bondeni walilalie usingizi. Bwawa nalo likiingia masika limejaa, halina nafasi, kwa sababu ileile ya udongo. Na Ngerengere inaingia Ruvu chini ya Kidunda, haipiti kwenye bwawa hilo.

Tulichobadilisha sisi ni kidogo. Kopo bado lipo, lakini daftari sasa lina safu ya pili. Kila asubuhi shemeji anachukua jumla ya jana, anatoa 4, anaongeza mvua ya leo. Haishuki chini ya sifuri. Mwanzoni aliona ni kazi ya mwalimu wa hesabu; siku hizi mtoto wa kati ndiye anayeijaza. Jumla ikipita 100, wanahesabu kwamba ardhi imeshiba, na kuanzia hapo kile kiwango cha 50 kinafutwa: mvua yoyote ya 20 inatosha kuwafanya wapandishe vitu. Sidai kwamba 100 ni namba takatifu. Ni ya kaya ile, kwa udongo ule, na tutairekebisha kadiri tunavyoona.

Kwenye kisima umesimikwa mti wa mkoko wenye alama zilizochongwa kwa panga. Huo ni wa Bibi. Alichagua mwenyewe pa kuchonga, kwa kukumbuka kamba ilikuwa ndefu kiasi gani mwezi gani, na mimi sikuongeza wala kupunguza alama hata moja.

Halafu kuna simu. Binamu yake shemeji anafanya biashara ndogo karibu na pale barabara kuu inapovuka Ruvu, kabla ya Mlandizi. Kila siku ya tatu katika masika, na kila siku jumla ikishapita 100, anapigiwa na kuulizwa swali moja: mto umefika wapi kwenye nguzo? Hana kifaa, anatazama tu. Kama umepanda tangu jana, kaya inajua ina siku moja au mbili. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ina vituo vyake vya kupima mto, na ningependa sana taarifa zake zifike kwenye simu ya kila mwenyekiti wa kitongoji cha bondeni kwa ujumbe mfupi, kwa Kiswahili, kwa kipimo cha "umepanda" au "umeshuka". Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya kijiji, kwa hiyo mtu wa kupokea ujumbe yupo. Mpaka siku hiyo ifike, tunaye binamu.

Mwisho kabisa, kwenye kalenda ya ukutani, dada yangu anazungushia kalamu siku za bamvua za Machi, Aprili na Mei. Aliuliza kwa wavuvi wa pale bandarini, hakuniuliza mimi.

Mashine mpya ya maji hawajanunua. Wamekodi, na mwenye nayo ametoa sharti kwamba ikirudishwa na tope watalipa. Shemeji amekubali, akamwambia Bibi mbele yetu sote kwamba safari hii uamuzi wa lini itolewe mtoni ni wake yeye mama. Bibi aliuliza jumla ya siku ile ni ngapi. Mtoto akasoma: 61. Bibi akaenda kisimani kuutazama mti wake, akarudi, akasema mashine ibaki mtoni mpaka Ijumaa.